Pikipiki Iko Naota Lami

Mimi nilisoma enformatiki, mambo ya kompyuta, nusu. Sisemi nusu kwa kujishusha. Mwaka wa kwanza nilimaliza. Wa pili tulikutana njiani, tukasalimiana, kila mutu akaendelea na safari yake. Kama wale walimu wangekuwa na roho nzuri, wangekata diplome katikati na makasi, wanipe kipande changu nibandike ukutani. Mama yangu, hapa Kasongo, aliambia avenue mzima eti mutoto wake ni enjeniere. Wakimuuliza, "Enjeniere wa nini?" anajibu, "Wa kukaa." Alikuwa ananionaka nimekaa mbele ya ordinatere, kompyuta yangu, toka asubuhi mpaka mangaribi, bila jasho, bila udongo kwenye miguu. Kwake yeye kazi bila udongo ni ugonjwa unaokuja polepole.

Ile ordinatere niliipata ikiwa muzee tayari. Ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi, kama kiti ya matanga. Bateri yake ilikuwa inakufa ukiiangalia vibaya, kwa hiyo niliifunga na pano ya jua ya kutoa umeme, juu ya paa. Wingu ikipita, mimi na kazi yangu tunazimika pamoja. Lakini ugonjwa wake mukubwa ilikuwa herufi h. Butoni ya h ilikufa. Ukiipiga, hakuna kitu. Ukiipiga kwa hasira, inakutolea g, kama mutoto uliyemutuma chumvi akakuletea kiberiti.

Sasa, mutu wa kuandika programe anahitaji h. Kuna maneno ya ile kazi ambayo bila h hayatembei. Mimi nilikuwa nakopa. Nafungua faili ya zamani, natafuta h moja, naichukua, naibandika pale ninapotaka, kama mama anayekwenda kuomba moto kwa jirani. Nimejenga programe mzima na h za kuomba. Lakini kwa maneno ya kusomwa na watu sikujisumbua. Habari ikawa abari. Kesho ikawa keso. Shukrani ikawa sukrani, na wamama wa soko wakawa wananisimamisha njiani:

"Enjeniere, telefone inasema sukari zetu. Iko wapi hiyo sukari?"

Maana maneno yangu yalikuwa yanafika mupaka ndani ya telefone zao. Kazi iliyofanya watu wanijue ilikuwa programe ya ajansi ya mizigo. Mwenye ajansi ni mama moja wa hapa Kasongo, mama munene mwenye sauti ndogo, alianza na pikipiki moja, na leo pikipiki zake zinakwenda Wamaza, Lusangi, mupaka Kabambare. Mutu analeta muzigo, mufanyakazi anaandika ndani ya programe nani anatuma, nani anapokea, na nini iko ndani. Muzigo ikifika, programe yenyewe inatuma mesaji kwa mwenye kupokea. Mama aliniomba kitu kidogo tu.

"Mutoto wangu, andika: muzigo yako imefika. Basi."

Lakini mimi na basi hatujawahi kusikilizana. Niliongeza swali moja ambalo hakuna mutu aliniomba: huyu anayetuma ni nani kwa yule anayepokea? Ni mutoto? Ni mujomba? Ni mujukuu? Na kila jibu nikaliandikia mesaji yake. Ilitoka kwa bibi yangu, ile fikra. Bibi, mama ya baba, aliniita bwana yake toka siku niliyozaliwa. "Bwana yangu, umekula? Bwana yangu, ulilala wapi, mbona shati imejikunja?" Kwetu bibi na mujukuu wanachekana hivyo mupaka mumoja azikwe, na alizikwa yeye, na toka hapo hakuna mutu ananiulizaka juu ya shati. Basi nikaweka ndani ya programe: kama mujukuu ndiye anatuma, bibi apate mesaji hii:

"Abari bibi! Bwana yako mudogo amekutumia sabuni. Oga vizuri, iko nakuja Noeli."

Na kwa wake za wachimbaji, wale mabwana zao wako Lusangi wanatafuta zaabu:

"Abari mama! Muzigo kutoka Lusangi imefika. Iko nzito, lakini usiceke mapema: ni nguo zake za kufua."

Watu walipenda. Nasema kweli, na mimi siyo mutu wa kupendwa na watu wengi. Mwenye kujua kusoma alikuwa anasomea wenye hawajui, sauti juu, katikati ya magunia ya mupunga, na soko linacheka. Wengine walikuwa wanatumiana mizigo ya bure, kilo ya chumvi, ili tu wapate mesaji. Nikipita, nasikia mutu nyuma yangu anasema maneno yangu na mudomo wake, bila h, anafikiri ndivyo yanavyopaswa kuwa. Hapo nilikuwa natembea polepole sana. Hata kama nilikuwa nakimbilia choo.

Nilitumia majira mbili za mvua kuijenga ile programe. Na kitu nilichokuwa nacho duniani ni kile tu: telefone ikilia ndani ya mufuko ya mutu Wamaza, mimi ndiye ninasema.

Kisha mutoto wa mama wa ajansi alirudi kutoka Bukavu.

Alikuwa anasoma kontabilite, kazi ya hesabu, kule, vita ikamurudisha nyumbani na sakoshi moja ya nguo na telefone. Musichana wa adabu. Ananiita yaya, ndiyo kaka mukubwa, ananiletea kiti kabla ya mimi kukohoa. Ningependa kumuchukia kidogo, ingenisaidia, lakini hakunipa njia.

Siku hiyo mama alikuwa ameniita kwa sababu ya Nyangwe. Alitaka kufungua ajansi kule, pembeni ya Lualaba, mizigo ivuke na mitumbwi, na programe yangu haikujua mutumbwi, ilijua pikipiki tu. Nilikuwa nimemwambia itaomba mwezi mzima. Nilisema mwezi kwa sababu nilijua itaomba wiki mbili, na ile ingine ilikuwa ya kushindana na mawingu. Nilikuta mama kwenye baraza, na mutoto wake pembeni, sufuria ya sombe, majani ya muhogo, kwenye moto.

"Kaa," mama aliniambia. "Kula kwanza."

Mutu akikuambia kula kwanza, ujue kuna maneno yanakuja ambayo tumbo tupu halitabeba.

"Yaya, usikasirike," yule musichana alisema.

"Mimi sikasirikake. Mimi nasikiaka njaa tu."

"Nilikuwa najaribu tu. Niliuliza IA."

Nilikuwa nimesikia juu ya ile IA, ile akili ya mashini. Nilifikiri ni kitu cha watu wa mbali, kama theluji. Akanionyesha telefone. Alikuwa ameiambia kwa maneno ya kawaida, kama vile unavyotuma mutu dukani: nataka programe ya mizigo, iko na pikipiki, iko na mitumbwi, inatuma mesaji. Nayo ikaandika. Yote. Nilisoma nikitafuta makosa, kama mutu anayetafuta mufupa ndani ya samaki ya mwenzake. Nilipata mahali pamoja ambapo mimi ningefanya vingine. Nikasoma tena. Yake ilikuwa bora.

"Wewe ulisema Nyangwe itaomba mwezi," mama alisema, na ile sauti yake ndogo. "Huyu ameweka Nyangwe wakati sombe inachemuka."

Nikaangalia sufuria. Na sombe yenyewe ilikuwa changa, ile ya kuiva haraka.

"Mama," nikasema, "basi mimi nibaki na kazi ya kuchochea moto."

Walicheka. Mimi pia. Nilikula sahani mbili, sikusikia utamu, na nilipofika nyumbani nikafunga ordinatere bila kuifungua. Namna gani mutu anafunga kitu ambacho hakijafunguliwa? Nilitandika kitambaa juu yake, kama vile tunavyofunika kioo ndani ya nyumba ya matanga.

Lakini sikiliza. Ile programe mupya ilianza kutuma mesaji, na soko likashangaa. Ilikuwa inaandika hivi: "Mpendwa mteja, kifurushi chako kimewasili." Kiswahili kilichovaa kravati. Muzee moja wa ng'ambo ya Nyangwe alivuka mutoni, akapanda pikipiki mupaka Kasongo, akafika ajansi na telefone mukononi na mashaka usoni.

"Wananiambia kifurushi changu kimewasili," alisema. "Niambieni ukweli. Kimewasili mahali gani? Mimi sisikii maumivu bado."

Hapa kwetu ni muzigo, ni koli. Kifurushi ilikuwa kwao jina la ugonjwa. Mama moja wa mupunga alikataa kufungua mesaji ingine mupaka aulize pasta wake. Na wote wakauliza: yule wa abari amekwenda wapi? Amekufa?

Niliposikia hiyo nilitoa kitambaa kwenye ordinatere. Nasema bila haya: nilifurahia ugumu wa watu. Nilivaa shati iliyopigwa pasi na nikapita mbele ya ajansi kama mutu anayekwenda mbali, nikapita tena kama mutu anayerudi. Nilijiambia, mashini inajua kuandika programe, sawa, lakini haijui kucheka na mama wa mupunga. Kucheka kunaomba mutu aliyezaliwa hapa, aliyeogea mutoni hapa, aliyepigwa na bibi yake hapa.

Mara ya tatu nikipita, musichana akaniita.

"Yaya, karibu. Watu wanataka mesaji zako."

"Walisema hivyo?" Nikajifanya nafikiri. "Basi nitaangalia kama nina nafasi."

"Hapana, yaya, usisumbuke. Nilizitoa zote kwa programe ya zamani nikaipa IA. Nikaiambia iandike kama wewe. Njoo uone kama imefanya vizuri."

Njoo uone. Kama vile wanavyoita ndugu aje kutambua maiti.

Nilisoma. Ilikuwa sauti yangu. Nasema sauti, kwa sababu nilikuwa najisikia ninasema. Abari mama. Keso asubui. Sukrani zetu. Ilikuwa imeiga mupaka ile butoni iliyokufa. Ule ugonjwa wa ordinatere yangu, ule ambao nilikuwa ninauonea haya mbele ya wanaosoma kweli, mashini iliuchukua ikafikiri ni utamu. Mahali pote ambapo h ingekuwa, hakukuwa. Yenyewe ina h zote za dunia, na iliziacha kwa ajili yangu.

"Ni wewe kabisa," musichana alisema. Alikuwa na furaha ya kweli. Alifikiri ananipa zawadi.

Kisha nikafika kwenye mesaji ya muzigo inayochelewa. Mimi sikuwa nimewahi kuandika ya kuchelewa. Mizigo yetu inachelewa siku zote, sikuona hapo kitu cha kusema. Yenyewe iliandika:

"Muzigo yako iko njiani. Pikipiki imelala mu potopoto ya Wamaza, iko naota lami. Tusiiamuse kwa nguvu."

Nilicheka. Sikupanga kucheka. Kilitoka tumboni, kikubwa, mupaka mama akatoka ndani kuuliza kuna nini, musichana akamusomea, naye akacheka, na wafanyakazi wakacheka, tukawa watu wa kucheka tu pale kwenye baraza. Na katikati ya kile kicheko, kabla hakijaisha, nilisikia baridi. Mimi ile potopoto, yale matope, naijua. Nimeanguka ndani yake na magoti. Nimeacha mle kiatu cha mguu wa kushoto, na mupaka leo kiko mle. Nimepita nikatukana, nimepita nikalia karibu. Na sikuwahi kuona kwamba ile pikipiki inaota.

"Yaya, uko sawa?"

"Niko sawa. Ni pilipili."

Hatukuwa tumekula kitu.

Niko na mwenzangu wa masomo, yeye alimaliza, alipata diplome mzima isiyokatwa, akapata kazi ya watu wa Kinshasa, anawaandikia programe akiwa Kindu, kwa koneksio ya enternete. Nilimutumia mesaji ya sauti, nikamuuliza huko kwa wakubwa iko namna gani. Akanijibu na sauti ya mutu aliyelala ukingoni mwa kitanda, karibu aanguke.

"Ndugu, sasa siandikake tena. Mashini inaandika, mimi nasoma kama ni sawa. Niko kama mwalimu anayesahihisha mutoto anayemupita akili. Tulikuwa tisa, wakatubakisha wawili. Mwenzangu ameanza kulima mihogo."

"Na wewe?"

"Mimi natafuta shamba."

Nilitaka kumuchekesha. Nilitafuta neno, na neno lililokuja lilikuwa lile la pikipiki. Nikazima telefone.

Basi miezi ikapita, na watu wakaendelea kunisalimia juu ya mesaji. "Enjeniere, ile ya pikipiki, eh! Wewe Mungu anakuona!" Mwanzoni nilikuwa nasema siyo mimi. Wakanifikiri najishusha, wakacheka zaidi. Nikaacha kusema. Nilianza kupitia njia ya nyuma, ile ya karibu na choo ya shule, ambako hakuna mutu anataka kusimama kusalimia.

Sasa ikaja mambo ya mukwe.

Kila mutu wa kwetu, awe Mukristo awe Muislamu, anajua hii bila kufundishwa: na bibi unacheka, na mukwe hauchekake. Mama ya muke wako, ukimuona njiani, unageuka ndani ya majani. Hauketi kwenye kiti yake, haumuangalii usoni. Ukimutumia kitu, unamutumia na kichwa chini. Mimi niliijua sana hivi kwamba katika programe yangu, kwa mukwe, niliandika muzigo imefika tu. Hiyo ndiyo basi peke yake niliyowahi kuandika.

Mashini iliona hapo pakavu, ikafikiri nilisahau. Ikanisaidia.

Muchimbaji moja wa Lusangi alimutumia mukwe wake wa Wamaza kikwembe kizuri, kitambaa cha kujifunga, cha maua. Mama mukwe hajui kusoma. Telefone ililia akiwa kwenye mukutano wa familia, na ni shemeji yake, mwanaume mwenye ndevu nyeupe, ndiye aliyesoma, sauti juu, kabla macho yake hayajajua mudomo wake unasema nini:

"Abari mama mukwe! Bwana yako mudogo wa Lusangi amekutumia kikwembe. Vaa, kisa kuja umuonyese."

Wanasema hata kuku walinyamaza. Mama mukwe aliingia ndani akafunga mulango. Kikwembe kilirudishwa ajansi bila kufunguliwa. Na neno likafuata: binti yake arudi kwa mama yake, na watoto, mupaka hii haya ioshwe. Ndoa ya yule mutu wa Lusangi ilikuwa imesimama kwenye kamba, na yeye mwenyewe alikuwa amejificha ndani ya shimo lake la zaabu, hataki kutoka hata kula.

Mama wa ajansi aliniita. Nilikimbia. Nilikimbia, na ndani ya kukimbia nilikuwa nafurahi, naomba Mungu anisamehe, maana nilijiambia: sasa wameona. Nilibeba ordinatere kwenye mugongo. Njiani nilikuwa nimeshaandika kichwani namna ya kurekebisha, kila undugu na heshima yake.

Nilipofika musichana alikuwa anafuta machozi na kona ya kitenge.

"Yaya, ni mimi niliharibu. Sikuangalia."

"Usilie. Leta hapa nirekebishe."

"Oh, hiyo imeshakwisha," alisema. "Niliiambia tu: na mukwe hatuchekake. Ikaomba radhi. Ikaniuliza kama kuna wengine ambao hatuchekake nao. Nikaitajia. Imepanga yote."

Nikabaki nimesimama na ordinatere kwenye mugongo kama konokono. Ile kitu ambayo nilifikiri inaomba mutu azaliwe hapa, ilikuwa imeomba maneno matatu.

"Basi mumeniitia nini?"

Mama ndiye alijibu. Aliangalia chini, mama ambaye haangaliake chini.

"Mutoto wangu, lazima mutu aende Wamaza kuomba musamaha. Watu wote wanajua ni wewe unaandikaka. Ile mashini haiwezi kubeba kuku."

Kuku alikuwa tayari, amefungwa miguu, chini ya kiti. Alikuwa ananiangalia. Tulielewana, mimi na yeye: wawili ambao wameitwa kwa kazi ya mwisho.

Nilikwenda. Nyuma ya pikipiki, kuku mapajani, kitenge kipya kwenye mufuko. Njiani mwenye pikipiki aliniuliza kama niko nakwenda kuoa. Nilimwambia ndiyo, na kuku ndiye bibi harusi. Alicheka. Bado najua kuchekesha mutu moja moja.

Kwa mama mukwe walinipa kigoda upande wa ukuta. Yeye alikaa ndani, kwenye giza ya mulango, namuona miguu tu, miguu kavu ya mutu anayelima. Shemeji yake mwenye ndevu ndiye alisema kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Niliweka kuku chini. Niliweka kitenge.

"Wanasema Kasongo," shemeji alianza, "eti siyo mutu aliyeandika. Eti ni mashini."

Miguu ikasogea.

"Mashini?" sauti ikatoka ndani. "Hiyo mashini ilioa wapi? Ilipata mukwe wapi mupaka ijue namna ya kumutukana? Mutu tu ndiye anaweza kuumiza mutu hivi. Mumuulize huyu. Ni yeye aliandika?"

Shemeji akanigeukia, ingawa nilikuwa nimesikia kama yeye.

Sasa ningesema ukweli. Ukweli ulikuwa mudogo na safi: hapana, mama, mimi kwa mukwe niliandika muzigo imefika tu. Lakini niliona kwamba kama siyo mimi, basi siyo mutu, na kama siyo mutu hakuna wa kumusamehe, na binti yake atarudi na watoto. Hiyo ni sababu nzuri, na ninaipenda kuisema kwanza. Sababu ya pili ni kwamba toka miezi mingi hakuna mutu alikuwa ameniuliza kama mimi ndiye niliandika kitu.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Unisamehe."

Kuku akatoa sauti ndogo.

"Umekuja wewe mwenyewe," sauti ikasema. "Na hii njia ilivyo."

"Nimekuja mwenyewe."

"Mutu aliyekuja mwenyewe, amekuja. Binti yangu abaki kwa bwana yake." Kisha mukono ulitoka gizani, ukavuta kitenge ndani polepole. Shemeji akapumua. Mutu ndani ya jiko akaanza kusonga ugali, nikajua mambo yamekwisha.

Lakini yeye hakuwa amemaliza. Nilisikia sauti yake imebadilika, imekuwa ya mama anayepumzika.

"Na ile ingine," alisema. "Ile ya pikipiki iko naota lami. Walinisomea nikiwa mugonjwa, nikacheka mupaka mbavu zikauma. Ile pia ni yako?"

Ningekubali. Nilikuwa nimeshachukua matusi yake, kwa nini nisichukue na sifa? Hakuna mutu Wamaza mzima angejua. Mudomo wangu ulifunguka.

"Hapana, mama," nikasema. "Ile siyo yangu."

"Nilijua," alisema. "Ile ilikuwa ya mutu mwenye akili."

Shemeji alicheka mupaka akashika ndevu. Miguu ile kavu ilikuwa inacheka pia, niliona vidole. Na mimi nikacheka, nini ningefanya? Walinilisha vizuri. Kuku hakuwa yule wangu, walichinja mwingine, yule wangu walimufungua miguu akatembea uani kama mutu aliyepata kazi mupya.

Kurudi, mvua ilikuwa imepita mbele yetu. Tulifika pale nilipoachaga kiatu, gurudumu la mbele likaingia, la nyuma likafuata, na pikipiki ikalala na ubavu wake, taratibu, bila kelele. Mwenye pikipiki akaanza kuitukana, yeye na mama ya aliyeitengeneza. Mimi nilisimama na suruali imekunjwa. Nilitaka kuiona kama zamani: chuma, matope, shida. Niliangalia muda mrefu. Lakini ilikuwa imelala kweli. Taa yake ilikuwa imefumba, matope imeifunika mupaka shingoni kama blanketi, na ilikuwa inaota, mutu yeyote angeona.

"Unangoja nini?" mwenye pikipiki aliniita. "Sukuma!"

Nikaingia. Nikasukuma polepole, nisiiamushe kwa nguvu.